Mto wa Sufi wa Mzee Lukumani

Maiti ya Mzee Lukumani ilikuwa imekwisha kulazwa kitandani na kufunikwa shuka Inspekta Raymundi alipofika Ipuli, mtaa wa Tabora, lakini watu waliojaa uani kila mmoja alikuwa na hamu ya kumwambia kwamba hapo sipo ilipokutwa.

Ilikutwa sakafuni, chini ya dirisha, imekaa kitako. Mgongo umeinama, uso umezama kwenye mto wa kulalia, mikono yote miwili imeukumbatia mto huo kama mtu aliyepakata mtoto. Midomo ilikuwa ya zambarau. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka, na mbao za dirisha zilikuwa na michirizi ya damu mahali alipokwangua.

Raymundi akafunua shuka, akatazama, akafunika haraka. Maiti alikuwa amewaona wengi, waliokatwa mapanga na waliogongwa na gari moshi, lakini uso ulioogopa namna ile hakuwahi kuuona.

Mlango ulikuwa umevunjwa kwa shoka na majirani asubuhi ile ile, maana marehemu alijifungia kwa ndani. Komeo lilikuwa bado mahali pake. Nyuma ya mlango palikuwa na sanduku la bati alilolisukuma mwenyewe, na madirisha aliyapigilia misumari kwa mikono yake siku alipohamia. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Watu wa Ipuli walikwisha kujipatia jibu lao: huyu kabanwa koo na kitu kilichotumwa.

"Nani aliyempa chakula cha mwisho?" Raymundi akauliza.

Vidole vyote vikaelekea upande mmoja. Siwema, mke wa marehemu, alikuwa ameketi peke yake karibu na jiko, kanga imemfunika hadi machoni. Alikuwa mgeni wa kutoka Nzega, hana mama wala mjomba hapa mjini, na katika ua uliojaa watu hapakuwa na mtu aliyeketi karibu naye.

"Alikula wali na kunde," Siwema akasema. "Nami nilikula sahani hiyo hiyo."

"Ulilala wapi?"

"Chumba cha pili. Hakutaka mtu chumbani mwake."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na woga, bwana. Tangu alipoacha unyapara kwenye kinu cha pamba, kule kwetu. Alisema kuna watu watamfuata."

"Akina nani?"

"Hakuwataja. Usiku nilisikia anagonga. Nikadhani anaongeza misumari. Alikuwa na tabia hiyo."

Mdogo wake marehemu, mtu mnene mwenye kofia ya viua, akapaza sauti kwamba mwanamke huyo ni mchawi na serikali isipomchukua wao watajua la kufanya. Nyuma yake Raymundi aliona kijana ameokota jiwe. Aliona na la pili. Akamwambia Koplo Jilala, Msukuma mrefu asiyependa maneno mengi, ampeleke yule mama kwenye gari, naye akatangaza kwa sauti kubwa kwamba Siwema yuko chini ya ulinzi. Kumfunga ndiko kulikokuwa kumwokoa, na hilo lilimkera.

Sasa lipo jambo moja ambalo Raymundi hakumwambia mtu siku ile. Aliporudi chumbani kukikagua kitanda, maiti ikiwa imekwisha kupelekwa hospitalini, alikuta godoro jipya jipya na mto umenona. Akainama kuuinua mto. Kifua chake kikafunga.

Hakikuanza kwa kikohozi. Kilifunga tu, kama mtu aliyefungwa kamba mbavuni na kamba inakazwa. Akasikia ile filimbi ndogo ndani ya mirija ya pumzi, filimbi aliyoifahamu tangu utotoni Kigwa, kila walipopura uwele na mama yake akamtoa mbio penye makapi. Aliogopa, ndugu zangu, akaogopa kweli kweli. Aliogopa kufa, na aliogopa Jilala asije akasikia, kwa sababu alipoandikishwa polisi aliapa mbele ya daktari kwamba hana pumu. Akauacha mto, akatoka nje, akajisingizia kwamba anakagua ukuta. Kitanda hakukikagua tena.

Daktari Silasi aliipasua maiti kabla ya adhuhuri, ndugu wakinung'unika mlangoni, kisha akawaruhusu waichukue wakaioshe na kuizika. Hakukuta sumu tumboni, hakukuta alama ya vidole shingoni. Lakini alasiri alituma mtu kumwita Raymundi hospitalini, na Raymundi alipoingia alimkuta bado ameinamia hadubini.

"Huyu amezama," daktari akasema.

"Amezama wapi? Chumba kikavu."

"Amezama katika ute wake mwenyewe. Tazama."

Akamweleza taratibu, kama mtu wa kanisa la Moravian aliyezoea kufundisha Jumapili. Njia ya hewa, alisema, imetandikwa utando laini na unyevunyevu, na kazi ya utando huo ni kunasa uchafu na kuusukuma nje. Vumbi la kawaida unaliweza. Vumbi la mimea ni habari nyingine, kwa maana si kitu kimoja: mna majani yaliyosagika, mna maganda, mna ukungu, mna na sumu za vijidudu vilivyoota humo wakati mmea umelundikwa ukiwa na unyevu. Hivyo vyote vikiuangukia utando, unawaka na kuvimba, unamwaga ute mzito, na misuli ya mirija inajikaza. Tundu la kupitisha kidole linabaki la kupitisha uzi.

"Na utando ukiumizwa miaka mingi hausahau," akaongeza. "Mtu wa namna hiyo, kiasi kidogo tu kinatosha kumwangusha."

"Ni vumbi la mmea gani?"

"Nimeona nyuzi fupi za pamba na vipande vya jani lake. Takataka za kwenye kinu."

"Marehemu ameacha kinu muda mrefu."

"Basi kinu kimemfuata kitandani."

Raymundi akainua uso kutoka kwenye hadubini. Alikumbuka jinsi maiti ilivyokutwa imekaa. Watu wote pale uani waliona mtu aliyebanwa na jini. Yeye peke yake angeweza kuwaambia kwamba mwenye pumu akibanwa huketi hivyo hivyo, ameinama, ameukumbatia mto aegemeze kifua apate pumzi. Mzee Lukumani alitafuta msaada kwa mto, na kila alivyozidi kuubana ndivyo ulivyozidi kumuua.

Na yeye, Inspekta mzima, aliuacha mto huo kitandani kwa woga wake.

Walirudi Ipuli mbio. Kitanda kilikuwa kitupu, chaga tupu. Ndugu wa marehemu wakamshangaa Raymundi kama mtu asiyejua jua linapotokea. Kwani tandiko la maiti hukaa nyumbani? Godoro, mto, shuka alizofia, vyote ni haki ya mwosha maiti. Huvikunja akishamaliza kazi yake, akaondoka navyo. Ndiyo ada, watoto wote wa mjini wanaijua. Raymundi, mtoto wa Kikatoliki wa Kigwa, hakuijua.

Mwosha alikuwa Mzee Mfaume, mtu mpole aliyekwisha kuosha nusu ya wafu wa Tabora. Walimkuta barazani kwake, anatia udhu wa magharibi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Tandiko la Mzee Lukumani liko wapi?"

"Godoro lile pale, linamngoja fundi Selemani. Yeye ndiye hulichukua siku zote. Mimi nampa tandiko la maiti, yeye ananipa mkeka mpya. Nani atakaye kulalia alipofia mtu?"

"Na mto?"

"Mto nimeutoa. Selemani naye aliuulizia sana mto, tena alikuja hata kaburi halijakauka, kaulizia mto kabla ya godoro. Nikamwambia umekwisha kupata mwenyewe, akaondoka hata bila godoro. Nikaona haya kusema ni nani."

"Ni nani, mzee?"

Mzee Mfaume akatazama chini. Mke wake, Bi Mwanne, alikuwa mgonjwa, kikohozi hakimpi kulala, na nyumbani kulikuwa na mto wa majani tu. Ule wa marehemu ulikuwa mpya, laini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kubakiza kitu cha maiti, na alifanya hivyo kwa kumhurumia.

Raymundi hakungoja amalize. Ndani kulikuwa na giza na kimya, ila sauti moja tu, ile filimbi, nyembamba kabisa. Bi Mwanne alikuwa amekaa kitako juu ya mkeka, ameinama, ameukumbatia mto.

Alimnyang'anya. Jilala akambeba bibi kama mzigo wa kuni hadi garini, na Mzee Mfaume akaja nyuma peku, udhu umemkaukia, anauliza kosa lake ni nini. Njia nzima Raymundi alihesabu pumzi za yule bibi, na kila moja ilipochelewa alijikuta anaivuta yeye.

Usiku kucha Daktari Silasi alikuwa naye. Asubuhi alisema bado yu hai, na zaidi ya hapo hataki kusema.

Asubuhi hiyo hiyo Mrakibu, Mwingereza mkuu wa kituo, alimwita Raymundi akamsikiliza akiwa amesimama. Habari ya mto aliielewa upesi mno. Mto ulikuwa wa nani? Wa nyumba ya marehemu. Nani aliyetandika kitanda? Mke. Basi Siwema apelekwe mbele ya hakimu siku hiyo hiyo kabla ya jioni kwa shitaka la kuua kwa kukusudia. Raymundi alitoka na maneno hayo masikioni. Alijua shitaka hilo mwisho wake ni kitanzi. Alipita mahabusu, Siwema akainuka na kushika nondo.

"Nani alishona mto ule?" Raymundi akamwuliza.

"Fundi Selemani. Mfungo umekaribia, tulimwita apige sufi ya magodoro kama kila nyumba hapa mjini. Juzi alishinda uani kwetu kutwa nzima. Godoro na mto vyote kavifumua, kavishona upya."

"Ulimpa kitu cha kuongeza ndani?"

"Hapana. Lakini nani ataniamini?"

Raymundi alitoka mahabusu. Alikwenda ofisini, akafunga uso kwa kitambaa kilicholoweshwa, akaupasua mto pembeni kwa wembe. Nje palikuwa na sufi nyeupe, safi, imepangwa kwa ustadi. Katikati, kama kiini cha yai, palikuwa na vumbi la kijivujivu, linanuka ukungu, limefungwa kwenye kitambaa chepesi chenye kupitisha kila kitu. Mkono wa fundi ulikuwa dhahiri. Lakini fundi akisema alipewa na mwenye nyumba, yatakuwa maneno ya mwanamume wa mjini dhidi ya mwanamke mgeni ambaye mtaa mzima umemwita mchawi. Raymundi akaliacha vumbi mahali pake, akapafunga kwa pini, akautia mto kwenye gunia.

Banda la Selemani lilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mwenye kofia iliyochakaa na sauti ya chini. Mjini walimpenda, hakuna nyumba ambayo hakuwahi kuketi uani mwake. Raymundi akamwacha Jilala nyuma ya ukuta wa makuti na kumwambia asikilize, na asiingie mpaka aitwe. Akainama, akaingia bandani.

Wakaamkiana. Selemani alikuwa anashona godoro kwa shazia, ile sindano ndefu ya magodoro. Raymundi akautoa mto kwenye gunia, akauweka juu ya jamvi.

Shazia ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Usoni mwa fundi Raymundi aliona jambo ambalo hakulitarajia. Aliona amepata nafuu.

"Umepatikana," Selemani akasema.

"Ulikuwa unautafuta?"

"Tandiko la maiti huwa linakuja kwangu."

"Uliujaza nini?"

"Sufi, bwana. Alichonipa mwenye nyumba ndicho nilichoshona."

Ndiyo hayo aliyoyaogopa. Raymundi alitikisa kichwa, akasema amekesha, amechoka, na kama fundi hana neno atajinyoosha kidogo. Akalala kwenye jamvi, akaweka kichwa juu ya ule mto.

Msidhani alikuwa jasiri. Alikuwa amewaza jambo moja tu njia nzima: muuaji asiyejali mtu angetulia akashona, lakini huyu alikwenda kuutafuta mto hata kabla kaburi halijakauka. Alikuwa anataka kuficha ushahidi, au alikuwa anaogopa usimuue mtu mwingine? Kulikuwa na njia moja ya kujua, na Raymundi aliichukia kwa kila mshipa wake.

Vumbi lilimfikia upesi. Kwanza mtekenyo kooni, kisha ile kamba mbavuni. Alivuta pumzi, ikaingia nusu. Akavuta tena, ikaingia robo. Filimbi ikaanza, kwanza yeye tu anaisikia, halafu ikajaa banda zima. Machoni giza likaanza kutoka pembeni. Alimwona mama yake na ungo wa uwele. Alitaka kuinuka na mwili ukakataa, na hapo akajua kwamba amejiua kwa ujinga, na hofu iliyompata haielezeki.

Shazia ilianguka.

Mkono ulimshika ukosi ukamvuta, mto ukaruka hadi barabarani, na Selemani alikuwa anamburuta penye upepo, anamkalisha, anamwinamisha, anampigapiga mgongo kwa namna ya mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi.

"Una kifua, bwana," alikuwa anasema. "Una kifua, halafu unalala pale. Toa pumzi kwanza. Itoe, usiivute. Itoe. Hivyo."

Jilala alikuwa amesimama mlangoni, bunduki mkononi, hajui amlenge nani. Raymundi alimwashiria atulie. Ilipita muda mrefu kabla hajaweza kusema.

"Umejuaje kwamba pana kitu mle?"

Selemani akamwachia mgongo. Alikaa mchangani, mikono magotini.

"Mto huo nimeutoa kwa Bi Mwanne," Raymundi akasema, neno moja moja. "Alikuwa ameukumbatia."

"Bi Mwanne wa Mzee Mfaume?"

"Ndiye."

"Amekufa?"

"Anahangaika. Daktari hajui."

Fundi akajishika kichwa, na machozi yakamtoka bila sauti. Ndipo akasema, na Jilala akasikia kila neno.

"Mimi nimeujaza. Yule mama Siwema hajui kitu. Mwachieni."

Raymundi akamwonya kwamba atakayosema yatakuwa ushahidi. Selemani alisema hilo analijua, na akaendelea. Alikuwa na mdogo wake, Kuluthumu, aliyeachwa na mumewe akaenda kufagia kwenye kinu cha pamba upande wa Nzega. Nyapara wake alikuwa Lukumani. Kila Jumatatu, baada ya kupumzika siku moja, kifua cha Kuluthumu kilibana akirudi kazini. Lukumani akauita uvivu wa Jumatatu, akawachekesha watu. Selemani alimwuguza likizo nzima, akajifunza kumkalisha na kumpigapiga mgongo. Alimkataza kurudi. Akarudi, maana alikuwa na watoto.

"Palikuwa na chumba cha vumbi," Selemani akasema. "Takataka zote za pamba ziliangukia humo. Jumatatu moja Lukumani alimtia humo, akafunga mlango kwa nje mpaka amalize kufagia. Mdogo wangu akapiga mlango. Wenzake walisikia. Lukumani akawaambia mwacheni, anajidekeza."

"Hukushitaki?"

"Nilishitaki. Waliandika homa ya mapafu. Nilipokwenda kuichukua maiti yake, kucha hana. Nikaingia chumba kile, nikajaza gunia. Sikujua la kulifanyia. Nililiweka tu, kila masika likapata ukungu. Kisha Lukumani akahamia Ipuli, na mkewe akaniita nipige sufi; Lukumani mwenyewe hakuwahi kunijua uso."

"Ulijua anajifungia?"

"Mji mzima ulijua. Nilitaka apige mlango, bwana. Apige, na asiwepo wa kumfungulia." Akafuta uso kwa kofia. "Nikajua tandiko litarudi kwangu, kama siku zote, na nitalichoma. Mzee Mfaume hajawahi kubakiza hata uzi. Miaka yote hajawahi."

Kabla ya jioni Siwema alitoka mahabusu. Alisimama nje ya kituo na kifurushi chake, anatazama upande wa Ipuli na upande wa stesheni, kisha akaelekea stesheni bila kuaga mtu. Daktari Silasi alituma habari kwamba Bi Mwanne amekunywa uji, ila kifua chake hakitakuwa tena kama zamani.

Raymundi mwenyewe ndiye aliyempeleka Selemani ndani ya kile chumba alichokuwamo Siwema. Akamfungua pingu. Habari ya Bi Mwanne akampa, na fundi akashukuru Mungu. Juu ukutani palikuwa na kidirisha kimoja chenye kifuniko cha bati, ambacho kwa amri ya kituo hufungwa akiwapo mtu wa mauaji.

"Watanitia kitanzi," Selemani akasema. "Nami nitakufa kwa kukosa pumzi, kama mdogo wangu, kama yule Lukumani. Siwezi kusema si haki. Ila leo, bwana, kile kidirisha. Wewe unajua."

Raymundi alisimama na ufunguo mkononi. Kifua kilikuwa bado kinamuuma, na aliweza kusikia, chini kabisa, filimbi ambayo haijakwisha. Mrakibu alikuwa ukumbini, angeweza kumwona.

Akapanda juu ya benchi, akakifungua kidirisha mpaka mwisho, akashuka, akatoka na kuufunga mlango.

Nyumbani kwake aliuchukua mto wake, akautupa uani, akalala juu ya mkeka, mlango wazi, akiisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka.